Moyo wa Kima na Moyo wa Mfalme

Ni wachache Unguja waliolelewa na bibi msimulizi wasioijua hadithi ya kima na papa. Mkuyu mkubwa umesimama ufukweni, nusu ya matawi yake yameinamia mji na nusu yameinamia bahari. Kima hupanda kula kuyu, na papa aliye majini humwomba amtupie naye apate. Urafiki unakua. Papa anamwalika kima kwao, anampakia mgongoni, na wafikapo katikati ya safari anamfichulia siri: sultani wa huko yu mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hataharuki. Anajibu kwa upole kuwa laiti angaliambiwa mapema angaliuchukua, kwani kima watembeapo huiacha mioyo yao mitini. Papa anageuka kumrudisha akauchukue. Kima anauparamia mkuyu, na kutoka huko juu anamsimulia papa kisa cha punda wa dobi, aliyeponyoka makucha ya simba mara ya kwanza kisha akashawishika kurudi. Sungura aliula moyo na masikio ya punda huyo kwa siri, na simba alipoviulizia akajibiwa kuwa mnyama huyo hakuwa navyo kabisa, maana angalikuwa na moyo na masikio asingalirudi mara ya pili.

Edward Steere aliichapa hadithi hii mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Kabla ya kufika huko ilikuwa imekwisha kusafiri mno, kwani mizizi yake imo katika ngano za Bara Hindi na katika Kalila na Dimna. Sifa zake za ufundi ziko wazi: hadithi ndani ya hadithi, kicheko kinachomwangukia papa pole pole, na juu ya yote neno "moyo" likibeba maana mbili, kiungo cha mwili na makao ya akili. Papa anatafuta nyama. Kima anajibu kwa habari za fahamu. Anayeshindwa kuzitenganisha maana hizo mbili ndiye punda.

Pamoja na sifa hizo, hadithi yenyewe inazua swali moja ambalo wapenzi wake hulipita haraka. Katika kisa hiki kinachosifiwa kwa akili za wanyama, mnyama yuko wapi? Papa wa mkuyuni ana sultani, ana adabu za kualika wageni, ana aibu ya kusema uongo hadi mwisho wa safari. Hana njaa ya papa wala mbio za papa. Kima ana ulimi wa wakili. Mabadiliko machache tu yangetosha kuwafanya wawili hao mfanyabiashara na nahodha, na kisa kisipotelewe na neno. Wanafunzi hufundishwa kuiita mbinu hii tashihisi, na kuihesabu miongoni mwa heshima ambazo fasihi humpa asiye binadamu. Ukitazama kwa makini utaona ni heshima ya ajabu. Mnyama huazimwa ulimi wa mtu, kisha kinachosikilizwa ni ulimi huo, na mwenye mwili husahauliwa.

Kasoro hiyo huonekana vizuri zaidi hadithi ya kima ikiwekwa kando ya simulizi nyingine, iliyoandikwa miaka michache tu kabla yake, mahali pasipofika harufu ya bahari. Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, ni mji wa vilimani, wa migomba na mibuni, takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Kyerwa, iliyo kaskazini yake, ilimegwa kutoka wilaya hiyo hiyo mwaka 2012. Zamani nchi yote hiyo ilikuwa ufalme mmoja wa Wanyambo, chini ya watawala wa ukoo wa Ruhinda, na ikulu ilikuwa Bweranyange. Israel Katoke aliandika historia yake katika The Karagwe Kingdom, mwaka 1975. Huko ndiko walikofika Waingereza wawili, Speke na Grant, mwezi wa Novemba 1861, wakapokewa na mfalme Rumanyika.

Msomaji wa visiwani asiione nchi hiyo kuwa ya mbali kuliko ilivyo. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu, na pembe za ndovu wa Karagwe na nchi za jirani zilishuka kupitia Tabora hadi Unguja. Speke mwenyewe ameandika kuwa Rumanyika alimlaki kwa Kiswahili kizuri. Kwa hiyo simulizi anazozitaja katika kitabu chake cha safari, kilichotoka 1863, hazikuwa ngeni kabisa kwa lugha hii, na huenda baadhi zilimfikia kwa lugha hii hii kabla hazijavikwa Kiingereza. Kwa kipimo hicho, ni jamaa wa karibu wa hadithi za Steere kuliko zinavyodhaniwa.

Mojawapo inahusu kifo cha babu yake Rumanyika. Mfalme huyo alipokufa hakufukiwa ardhini. Alipelekwa juu ya kilima, akajengewa kibanda, na moyoni mwa maiti yake akatoka mwanasimba. Simba huyo akabaki akikilinda kilima. Kwake wakazaliwa simba wengine hata Karagwe nzima ikajaa simba, na adui wa kaskazini walipokuja, Ndagara, baba yake Rumanyika, hakukusanya watu bali alikusanya simba, nao wakafagia kila kilichokuwa mbele yao. Iko pia habari ya mabuu matatu yaliyochukuliwa katika maiti ya mfalme na kuwekwa chini ya uangalizi wa mrithi. Mmoja akawa simba, mwingine chui, na wa tatu akawa fimbo.

Speke aliyaweka haya pamoja na mambo ya ushirikina, akasonga mbele na safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Ni msomaji mbaya wa fasihi, ingawa ana sikio la karani na kwa hilo anastahili shukurani. Hakuona kwamba alikuwa akisimuliwa na mtu mwenye sababu zake. Rumanyika alikuwa ameshindania kiti na nduguye Rogero, na mtu wa namna hiyo ana haja kubwa ya babu ambaye moyo wake huzaa simba. Simulizi hii ni siasa. Lakini ni siasa iliyopata sanaa ya kuibeba, na jambo la kushangaza katika sanaa hiyo ni kuwa simba hasemi hata neno moja.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Huko Unguja moyo wa mnyama ulitakiwa utoke kifuani ili umponye mfalme. Huku Karagwe moyo wa mfalme unafunguka ili mnyama atoke. Katika hadithi ya kwanza, akili imepimwa kwa maneno: mwenye hoja ameokoka. Katika ya pili, simba anafanya yale ambayo simba hufanya. Anakaa juu ya kilima, anashika mpaka wake, anazaa, anatisha, na wenziwe wanaposhambulia wanashambulia kwa pamoja, kama jike za simba zinavyowinda. Msimulizi hakumwazima ulimi. Alimpa heshima ya kuaminiwa bila ulimi. Ni kweli kwamba mwishowe simba hao wanaandikishwa jeshini, na hapo mfalme anawaonea. Hata hivyo wanaandikishwa wakiwa simba. Yeyote aliyeziona, japo kwa picha, sanamu za ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa ajili ya hazina ya wafalme hao, pembe zikipanda juu kuliko mwili wenyewe unavyoweza kuzimudu, atalitambua jicho hilo hilo: jicho la watu waliomtazama mnyama kwa muda mrefu kabla ya kumfanya ishara ya kitu kingine.

Si busara, hata hivyo, kuifanya Karagwe kuwa pepo ya wenye macho. Huko huko Speke alisikia habari ya viumbe wa kutisha wa milima ya Rwanda, ile milima ya volkano ambayo siku ya anga safi vilele vyake huonekana kutoka vilima vya Karagwe. Viumbe hao, aliambiwa, hawawezi kuzungumza na watu. Hujificha, na hujitokeza tu wapitapo wanawake, ambao huwakumbatia hadi wafe. Habari hiyo huhesabiwa miongoni mwa dalili za mwanzo zilizoandikwa za gorila wa milimani. Mwaka 1902 ofisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi wawili kwenye mlima Sabinyo, na jina lake likawa jina la kisayansi la mnyama aliyemwua. Dian Fossey, aliyepiga kambi kati ya Karisimbi na Bisoke mwaka 1967, ni miongoni mwa watafiti waliodhihirisha kwamba zimwi lile ni mla majani, mwenye familia, mwenye subira kwa watoto wake. Fossey aliwaendea akiiga mngurumo wao wa chini wa kuridhika, yaani alijifunza kutamka yeye, badala ya kungoja watamke wao. Aliuawa mwaka 1985. Gorila wa milimani leo wamezidi 1,000.

"Hawawezi kuzungumza na watu." Maneno hayo machache ndiyo upande wa pili wa hadithi ya kima. Kima ana akili kwa sababu anasema. Gorila ni zimwi kwa sababu hasemi. Tashihisi na uzushi wa mazimwi, ambavyo vitabu vya nadharia huviweka katika sura mbalimbali, vimetoka katika mzani mmoja, nao ni mzani wa ulimi. Mnyama akipewa ulimi huwa mtu. Akinyimwa huwa shetani. Katikati hapo, mahali anapoishi mnyama mwenyewe, fasihi ya Kiswahili imepita mara chache mno.

Mmoja wa wakazi wa mahali hapo anapatikana katika kitabu hicho hicho cha Speke. Kwenye mafunjo ya Karagwe alikutana na habari za swala wa majini, akaliandika jina lake kama alivyolisikia, karibu sawa na jina lililomo katika Kiswahili hadi leo: nzohe. Jina la kisayansi, Tragelaphus spekii, limembeba msafiri. Jina la Kiswahili limewabeba wenyeji, na hilo ni bora. Nzohe ana kwato ndefu zinazopanuka, hata anaweza kutembea juu ya mafunjo yaelea­yo pasipo kuzama. Anapoandamwa hakimbilii mbali. Huingia majini taratibu, akazamisha mwili wote, akabakiza pua. Mwindaji hupita karibu naye asimwone. Hakuna sungura wa hadithini aliyewahi kupanga hila safi kuliko hiyo, na hakuna neno lililosemwa.

Msomaji wa pwani atamkumbuka papo hapo mnyama wa kinyume chake. Nzohe ni wa nchi kavu, hujificha majini akaiacha pua nje. Nyangumi ni wa majini, na pua ndiyo inayomleta juu na kumfichua. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za barafu za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto, wakapita Mafia, Unguja, Pemba na kuendelea hadi Watamu. Wavuvi huwaona wakiruka, na wazamiao huwasikia. Ushairi wa pwani, ulioimba jahazi, tanga, kusi na kaskazi, na hata kuziita aina za mashairi kwa jina la "bahari", umemwacha nyangumi karibu yote kwa kisa cha Nabii Yunus, ambamo kazi yake ni kumeza na kutapika kwa amri.

Wakati huo wote nyangumi alikuwa akitunga. Roger Payne na Scott McVay walionyesha mwaka 1971 kwamba sauti za nyangumi wenye nundu ni nyimbo kamili. Sauti moja moja hujengwa kuwa fungu, fungu hurudiwa, mafungu hufuatana kwa mpangilio maalumu hadi wimbo utimie, kisha mwimbaji huanza upya. Mtu aliyefunzwa silabi, kipande, mshororo na ubeti hahitaji kufafanuliwa zaidi. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja kwa msimu, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo, kila mmoja akiyafuata mabadiliko. Kisha mwaka 1988 Linda Guinee na Katharine Payne wakachapisha jambo ambalo lingefaa kujadiliwa katika kila baraza la washairi kutoka Lamu hadi Kilwa: katika nyimbo zenye mambo mengi, mafungu yanayofuatana huelekea kuishia kwa miundo ya sauti inayofanana. Hivyo ni vina, au ndugu yake vina. Walipendekeza kuwa mwisho unaofanana humsaidia mwimbaji kukumbuka kinachofuata. Nyimbo fupi nyepesi hazina sana haja navyo.

Hoja hiyo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kughani kwa kichwa utenzi wa beti mia kadhaa. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954 (naye alikuwa mtu wa Ujiji, jambo ambalo watetezi wa "ushairi wa pwani" hawalitaji mara nyingi), vina vilikuwa sharti la adabu na la sikio. Baadaye vita vya vina na mizani vikawaka, na pande zote mbili zikabishana kama kwamba kina ni mali ya ustaarabu fulani, ya kurithiwa au ya kutupwa. Nyangumi hakualikwa katika mjadala huo. Angealikwa, pengine wahafidhina wangegundua kuwa kina ni kikongwe kuliko sheria zao, na wanamapinduzi wangegundua kuwa si pingu alizovishwa mtu na mtu.

Kwa upande wao wanamapinduzi nao wangepata cha kufurahia. Michael Noad na wenzake walieleza mwaka 2000 jinsi nyangumi wa mashariki ya Australia walivyouacha wimbo wao wote. Mwaka 1996 walisikika waimbaji wawili tu wakiimba wimbo mwingine, uliofanana na ule wa nyangumi wa magharibi ya Australia, yaani wa upande wa Bahari ya Hindi. Kufikia 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umekwisha kabisa. Ni vigumu kusoma habari hiyo usiwakumbuke wageni wawili wengine, Mulokozi na Kahigi, na diwani yao Malenga wa Bara ya mwaka 1976. Mulokozi ni mtoto wa Kagera, na kabla hajawa mtetezi wa shairi huru alikuwa na masikio yaliyozoea enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kama hori, ambayo manju wa Kihaya na Kinyambo huipiga wakisimulia tendi zisizofungwa na vina wala mizani ya pwani. Tofauti ni kwamba pwani haikugeuka kwa miaka miwili. Wanadamu ni wagumu kubadili wimbo kuliko nyangumi.

Lakini ulinganisho ukivutwa zaidi ya hapo utakatika. Kumwita nyangumi malenga, kumpa diwani na lakabu, ni kumrudisha papa wa Steere kwa mlango wa nyuma. Wimbo wake ni wake. Una kazi miongoni mwao, katika msimu wa kutafuta wenza, na hauhitaji kutafsiriwa kuwa huzuni ya bahari au dua ya viumbe, kama mashairi mepesi ya siku hizi yanavyopenda kufanya. Mshairi anayetaka kumtendea haki ana kazi ngumu zaidi: kuandika sauti bila kuipachika maana isiyo yake.

Na si lazima aende mbali. Katika msitu wa Jozani na mashamba yaliyo jirani, kima punju hula majani ya miembe na mikungu, yaliyo na kemikali zinazoudhi tumbo, kisha huokota makaa kwenye mitanuri na visiki vilivyoungua, akayala. Watafiti walioyapima makaa hayo katika miaka ya 1990 waliona kuwa hunasa kemikali hizo. Kima wa kweli wa Unguja, kumbe, ni tabibu wa tumbo lake, na hakuna fumbo wala shairi maarufu linalomsifu kwa hilo. Anaendelea kusifiwa kwa uongo aliomwambia papa. Huko Kizimkazi pomboo walivuliwa kuwa chambo cha papa, hadi biashara ya watalii ilipowafanya wawe na thamani wakiwa hai. Hata thamani hiyo ina ulimi wa mtu: boti huwazingira kwa kuwa wanaonekana "wanatabasamu", ilhali umbo la mdomo wa pomboo halibadiliki hata akiwa mahututi. Mamia walipokutwa wamekufa ufukweni Nungwi mwezi wa Aprili 2006, midomo yao ilikuwa vile vile. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa boti zinapokuwapo pomboo wa kusini mwa Unguja hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Wanajibu, basi. Wanajibu kwa kuondoka.

Karagwe nako waliondoka wengi. Baada ya wimbi la wakimbizi wa mwaka 1994 wanyama wa mapori ya Burigi, Ibanda na Rumanyika waliwindwa vibaya mno, na nchi iliyojigamba kuwa simba ndio jeshi lake ikabaki na vilima vingi vitupu. Mwaka 2019 mapori hayo yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, Ibanda kwa jina la Ibanda-Kyerwa, na moja likiitwa Rumanyika-Karagwe. Jina la msimulizi limewekwa juu ya pori. Simulizi yenyewe haimo katika vitabu vya kiada vinavyomfundisha mtoto wa Kayanga tashihisi kwa mifano ya sungura na fisi.

Mwalimu atakayeziweka hadithi hizo mbili mbele ya darasa moja atapata jambo dogo la kuwaonyesha wanafunzi katika hadithi ya Steere, jambo ambalo wasomaji huliruka kwa haraka ya kufikia punda wa dobi. Kima amekwisha kuupanda mkuyu. Papa, aliye chini, anamwita washuke waende zao. Kima hajibu. Papa anaita tena. Kima amekaa kimya tawini, anatazama maji. Kicheko na hoja na kisa cha punda vitakuja baadaye. Kwa muda huo mfupi, tangu hadithi ilipoanza, ndipo anapokuwa kima.